Shati la Beda

Gari la kubeba maiti lilikuwa limeshawashwa nje ya geti, lakini Paskalia alikuwa bado uani, amesimama mbele ya shati la Beda, marehemu mumewe, lililoanikwa kwenye kamba.

"Shemeji, twende," alisema Gaudensi, mdogo wa marehemu. "Safari ni ndefu."

"Mzikeni hapa, nawaomba. Watalii wanaupita tu mji huu wakikimbilia mbugani. Beda kila alipowatembeza aliwapandisha kilimani wakaone taa zinavyowaka jioni, akawaambia hapa ndipo kwake."

"Huku makao makuu ya nchi tunakuja kutafuta maisha tu, shemeji. Hakuna mtu wetu aliyezikwa huku. Na wewe utakaa kule kijijini kwetu, karibu na kaburi. Hapa umebaki na nani?"

Ng'ambo ya ukuta, muuza kahawa ambaye Beda alizoea kunywa kwake alikuwa akigonganisha vikombe vyake kama kila siku.

"Shati lake halijakauka," alisema Paskalia.

Gaudensi alilishika. Lilikuwa limekakamaa kwa jua.

"Limekauka, shemeji. Litie kwenye begi."

Dereva alipiga honi. Paskalia alilianua shati, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kisha akalianika tena bila kulikamua.