Pasi za Swala

Timu ya wanyama wa bondeni ilifungwa mechi nne mfululizo, na lawama zote zikamwangukia Swala, kiungo chipukizi. Mwenyekiti Kiboko akaitisha kikao kuamua kama Swala apewe mkataba mpya wa miaka mitano.

"Mwacheni aende, mzee," alisema Fisi, winga wa kulia. "Pasi zake hazifikiki."

Kesho yake mazoezini Kocha Kobe alimtoa Fisi, akajikokota mwenyewe hadi karibu na kibendera cha kona. Swala, aliyezomewa wiki nzima, alipiga pasi zake zilezile. Alipiga kumi, na zote kumi zikatua miguuni pa Kobe.

"Mzee, hapa hakuna anayekwenda polepole kunizidi," Kobe alimwambia Kiboko, "na zimenifikia. Nilichofanya ni kwenda tu."

Kiboko akasaini mkataba wa Swala. Kisha akauliza wa Fisi unaisha lini.