Frigo ya Florentine

Nikutegee moja, weye unayekaa hapo: frigo haina umeme, kabati halina nguo, meza haina chakula, na mama wa nyumba anasema bado haijatosha. Ni nini? Usijibu haraka. Twende kwanza na mi mpaka Musonoi, mtaa wa wachimbaji, kwa Florentine.

Siku hiyo vijana wanne walikuwa wanasukuma frigo mlangoni pake, jasho linawatiririka. Mume wake Symphorien, mchimbaji wa shaba, alisimama uani mikono kiunoni. Akauliza kama bibi yake amesahau kwamba umeme haujafika mtaa wao. Florentine akajibu kwamba utafika siku yake. Akawaambia vijana waiweke frigo pale katikati ya salon, chumba cha kupokelea wageni, si kando ya ukuta.

Ugonjwa huo wa kununua ulimwanza tangu jirani yao Mukuna apate mali. Mukuna alinunua televizyo, viti vya ngozi, na tena jeep. Symphorien akawa hana hadithi nyingine: asubuhi Mukuna, jioni Mukuna. Kisha Mukuna akafa, na mjane wake akaanza kuuza bitu kwa bei ya huruma. Florentine ndiye alikuwa wa kwanza mlangoni. Feza yote ya mikate aliyouza barabarani ilikwenda kule. Wala hakuuliza kama kitu ni kizuri. Aliuliza: «Kinabebwa na watu wangapi?»

Nyumba ikajaa. Batoto walipita kiubavu-ubavu, na mgeni akikaa, mwenyeji anasimama. Symphorien alikuwa akipima kwa miguu nafasi iliyobaki pale salon: hatua tano, mwezi uliofuata tatu. Alihesabu, akautazama mtaimbo wake nyuma ya mlango, akanuna.

Frigo ndiyo ilimmaliza. Siku ya Mungu akamwita shangazi yake, tantine Henriette, aje kukata neno. Mama huyo alijigonga goti mara mbili kabla ya kupata kiti. Akafungua frigo kutafuta maji ya kunywa. Ndani kulijaa matofali, kutoka chini mpaka juu.

«Florentine, mwana wangu,» akasema polepole, «kwenu mutu anapoza matofali?»

Florentine akafunga mlango wa frigo polepole.

Symphorien akasema yeye amechoka. Wenzake kule mgodini Mutoshi wanamwita bwana wa depo. Florentine achague leo leo, bitu ao bwana. Akichagua bitu, treni ya Kasaji ipo, na kwa wazazi wake kuna kiwanja kikubwa cha kuviweka.

Henriette akamkatiza kwa mkono. Akamgeukia tena Florentine.

«Jibu basi, mama. Unajaza nyumba ya mwanangu sababu ya nini?»

Florentine akaweka mkono juu ya frigo, kama mutu anayeshika bega la mutoto wake.

«Bwana nilishamuchagua, tantine. Shimo la shaba lililomumeza Mukuna alilianzia katikati ya salon yake, na hatua mbili zilimutosha. Hapa kwetu imebaki moja.»