Uso wa Mama

Siku hizi mtu akichoka kutafutwa huomba afutwe, na uso wake hutoweka kwenye picha zote, hata za ukutani. Ila anayeomba lazima awe hai, aweke kidole chake mwenyewe.

Somoe alikuwa akikusanya picha za ukoo wao, Newala mpaka Lindi. Asubuhi hiyo, kwenye picha ya sebuleni, alijiona kichanga, amepakatwa na mama asiye na uso.

"Mama mdogo! Si uliniambia mama alifia Msumbiji? Kila mwaka nalia hapa!"

Mama mdogo aliendelea kuchagua mchele wa hitma ya marehemu. Picha hata hakuitazama.

"Nilimsihi," akasema, "angalau asubiri hitma ipite."