Lori Lililofika Mlalo

Hashimu alipomgeuzia mama yake kompyuta, mama aliacha kupepeta maharage akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Haki ya Mungu, ni kwetu!"

Ni kwao kweli. Tajiri wake wa ng'ambo, mwenye mchezo wa vita wa kompyuta, alitaka lori la kurushia makombora na kijiji cha kulipua. Lori Hashimu alilichonga masika nzima, mrija wa kombora kwa mrija, hadi kutu ya bawaba. Kijiji hakikumsumbua kichwa. Alipiga picha kijiji chao, Mlalo, akakimwaga humo: migomba, bati la jiko, majani ya masale yaliyopandwa kaburini kwa baba.

"Hata baba yako umemkumbuka," mama alisema, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Kisha akaliona lori, na mirija iliyopangwa mgongoni ikielekea nyumbani. Uso ukamkunjuka. Tangu aolewe anashuka bondeni na ndoo.

"Na mabomba ya maji umetuletea!"

 Kidole cha Hashimu kilikuwa juu ya kitufe cha kufyatulia makombora.

Mama akamsukuma bega, anacheka. "Fungulia basi, mwanangu, tuyaone yakitoka."