Vigae vya Rangi

Asubuhi hiyo kompyuta ya masjala ya hospitali ilikuwa imebadilishwa sura. Orodha aliyoizoea Mama Mafaili kwa miaka kumi na tisa haikuwepo tena. Badala yake kioo kilijaa vigae vya rangi, vya kuguswa kwa kidole.

Simu ikalia. Alikuwa daktari wa upasuaji.

"Mama, huyu mgonjwa wa ajali ana faili hapo kwako. Kuna dawa inayomdhuru?"

"Nivumilie kidogo, daktari."

Akagusa kigae cha buluu, ikafunguka hali ya hewa. Akagusa cha kijani, zikaja picha za maua. Kidole chake kilikuwa kimepindishwa na baridi yabisi, na kila kilipotetemeka juu ya kioo, kitu kingine kilifunguka.

Akamgeukia fundi aliyekuwa akikunja nyaya mlangoni. "Fundi, mafaili mmeyaweka wapi?"

"Rahisi tu, mama. Telezesha kidole."

Akatelezesha. Kioo chote kikawa cheupe, yakabaki maneno mawili: Tafadhali subiri.

"Mama, bado upo?" daktari aliuliza taratibu. "Sindano iko mkononi. Nimchome, nisimchome?"

Mama Mafaili alikishika kile kidole kwa mkono wa pili, akakibana kifuani.