Mashua ya Sebuleni

Jumamosi asubuhi Denzil aling'oa dirisha la sebuleni, fremu na vioo vyote, akalilaza juu ya mawaridi ya mkewe bila hata kuomba radhi. Leo mashua inatoka! Nusu ya kijiji ilishajaa bustanini, na tusidanganyane, hawakufuata chai.

"Ulilipima hilo dirisha, bwana?" aliuliza Jory, jirani yake. "Maana marehemu Pascoe naye alijengea yake ndani. Mpaka leo wajukuu zake wanailalia."

"Pascoe alikuwa mjinga. Mimi nilipima kabla sijagusa msumeno."

Na kweli alipima. Ilikuwa Novemba, na gereji ilikuwa na baridi ambayo gundi haishiki hata ukiibembeleza, ndipo makochi yakafukuzwa sebuleni na mbao zikaingia. Alikuwa na michoro miwili, wa mashua nyembamba na wa mashua pana. Ile nyembamba aliidharau, eti ni ya watoto, kana kwamba hii aliyokuwa akiijenga ilikuwa ya askofu. Tepu ikasema dirisha lina inchi hamsini. Mashua pana ilitaka arobaini na nane. Basi, pana!

"Tunajenga pamoja, mimi na binti yangu," alijigamba kila alipokanyaga baa. Pamoja! Tamsin, mtoto wa miaka tisa, hakuruhusiwa kugusa randa, msumeno wala brashi ya vanishi. Kazi yake ilikuwa kushika mwisho wa tepu.

"Bana hapo, usitikisike," baba yake alimwambia. "Kazi hiyo hata msumari unaiweza, sembuse wewe."

"Nimebana, Baba."

Kerenza, mama mtu, alivumilia vumbi la mbao kwenye supu na harufu ya gundi kwenye mapazia kwa sababu moja tu: mwisho wake ulijulikana. Tangu amwoe, Denzil hakuwahi kumaliza kitu. Choo kilipakwa rangi kuta tatu, wa nne ukasubiri. Kabati la jikoni lilipata milango, halikupata bawaba. Mwanamke alichoka. Kwa hiyo, jioni moja kabla mbao hazijanunuliwa, walimkalisha mtoto mezani wakamweleza kwa sauti za upole, kama watu waliosoma kitabu kimoja, kwamba wanaachana, ila Baba ameahidi mashua na ahadi ni deni.

"Siku mashua itakapotoka humu ndani, na Baba atatoka," Kerenza alisema. "Si kabla ya hapo. Sawa, mpenzi wangu?"

Tamsin hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kusaidia.

"Umeona alivyolipokea vizuri?" Denzil alimwambia mkewe baadaye, akaenda kulala na moyo mweupe.

Sasa Mei imefika, na chumba cha kupanga kinamngoja mjini, juu ya duka la mikate. Sanduku alishalitia kwenye buti la gari tangu alfajiri. Alikuwa amelipanga jambo lote kichwani: gari linaondoka polepole, mashua inang'aa nyuma yake, Kerenza mlangoni anajuta. Lakini kusema haki, mwezi huu wa mwisho alikuwa amepaka vanishi juu ya vanishi, hata mashua yenyewe ilichoka, na Kerenza alikuwa ameanza kumletea chai humo humo na kukaa mpaka kikombe kipoe. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kulikoni.

"Haya jamani, sukuma!"

Omo, pua ya mashua, ilipita dirishani kwa madaha. Watu wakapiga makofi. Tamsin alikuwa amekaa ndani ya mashua, jaketi la kuokolea limefungwa mpaka kidevuni, anapunga mkono kama malkia. Kisha kukasikika mlio, krrrr, vanishi yote ile ikikwaruzwa na jiwe, na mashua ikasimama.

Wakaivuta ndani. Wakailaza ubavu, dirisha likawa fupi. Wakaipindua, wakaigeuza, wakaitukana. Ukuta ulikuwa wa mawe, unene futi mbili, uliojengwa na watu waliokuwa wakimaliza kazi zao.

"Taratibu," Jory akasema, "msije mkamwamsha Pascoe."

"Leteni tepu!" Denzil alifoka.

Jory akashika mwisho mmoja, Denzil akavuta mwingine. Arobaini na sita.

"Haiwezekani! Shika vizuri, bwana wewe!"

"Nimeigusisha ukutani. Unataka niimeze?"

Wakapima tena. Arobaini na sita. Kicheko kilichopasuka hapo bustanini, mtu mzima mmoja alilazimika kukaa chini kwenye majani. Denzil aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Nilipima hamsini!" alipiga kelele. "Kwa macho yangu haya! Hamsini!"

Kerenza alitokea mlangoni na sinia la chai. Alimtazama mumewe, akaitazama mashua. Kitu fulani kilimchezacheza mdomoni, akageuka upesi asionekane.

Tamsin akashuka kutoka kwenye mashua. Aliuchukua mwisho wa tepu mkononi mwa Jory, akaubana ndani ya ngumi yake ndogo, tepu ikajikunja humo isionekane, kisha akaigandamiza ngumi ukutani.

"Soma, Baba."

Denzil akasoma. Hamsini.

"Sanduku lako nimeshalirudisha chumbani," Tamsin akasema.