Masomo Yanaanza Oktoba

Siku hizo hakuna mwanafunzi aliyejaza fomu ya kuomba ufadhili wala kuhangaika na mihuri. Ulikuwa unaingia mtandaoni, unaweka kidole gumba kwenye kioo cha simu, na mtambo uliokwisha kusoma matokeo yako, vyeti vya nyumbani kwenu na mafaili ya hospitali zote unakuchagulia wenyewe.

Ndeshi aliweka kidole chake akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, mama yake akimenya ndizi za mtori. Jibu lilikuja kabla ganda halijaanguka.

"Mama, nimepata! Udaktari wa mifugo, miaka yote!" Kisha sauti ikamshuka. "Ila wamekosea. Huu ni ufadhili wa waliofiwa na wazazi wote wawili."

Baba yake walimzika miaka sita nyuma. Lakini mama si huyu hapa, kisu mkononi?

Akaandika malalamiko: Mama yangu yu hai, niko naye jikoni.

Jibu halikukawia: Tunajua. Masomo yanaanza Oktoba.

Ndeshi akajilazimisha kucheka. "Umeuona upuuzi huu, Mama?"

Mama yake alijifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja, akaitazama ile simu kama mtu anayeonyeshwa barua ambayo alishaisoma peke yake.

"Bonyeza kukubali, mwanangu," alisema. "Halafu njoo uchukue kisu. Leo mtori utaupika wewe. Mimi nitakaa hapa nikuangalie."